Tukutuku Iliyomleta Mama Mkwe

Makambako,
Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi

Dada yangu Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "milele na milele, amina" kwa sauti hata kama uko peke yako hapo uani, maana ndivyo marehemu mama alivyotulea. Habari za Lupingu? Goti linaendeleaje, lile la kushoto linalokusumbua ukipanda kwenda kanisani? Bado unalipaka mafuta ya nyonyo, au umekubali kwenda hospitali kama nilivyokuomba? Shemeji hajambo? Wajukuu hawajambo? Usipa wako ulifika kwa dereva wa basi, mkavu, hauna hata chembe ya mchanga, na majirani wote waliusikia unavyonukia kikaangoni wakajua kuwa na mimi nina kwetu. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Upepo wa Makambako ndiyo ule ule unaoujua, ukianika nguo unazifuata kwa jirani.

Umenilaumu kwamba siku hizi nikipokea simu nina hasira. Ni kweli, dada, nisamehe. Lakini mambo yenyewe si ya kusema kwenye simu, maana simu yako unaiweka sauti kubwa nyumba nzima inasikiliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimeletewa mke mwenza.

Usishtuke, keti kwanza. Mke mwenza mwenyewe ni wa chuma. Ni ile tukutuku ya marehemu baba mkwe, ile pikipiki ya Kiingereza aliyouziwa na mapadre wa misheni akiwa kijana, akazunguka nayo vigango vyote vya Lupembe akifundisha katekisimu mpaka uzee ulipomshusha. Imelala sebuleni kwangu tangu kabla ya mvua. Haili ugali, lakini imekula sebule, imekula meza, imekula mume.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukasema nimechanganyikiwa.

Mama mkwe unamkumbuka. Baada ya msiba wa mumewe alibaki peke yake Matembwe, na sasa macho yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli tu. Wakati wa baridi aliinama kupuliza moto, mkono wa sweta ukashika. Mungu mkubwa, jirani alikuwa anapita. Basi mimi na Baba Deo tukaenda kumwomba aje akae kwetu. Tukaomba, tukabembeleza, mimi nikapiga hadi magoti. Akasikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage kwa vidole, halafu akasema, "Nililetwa hapa juu ya tukutuku ya baba yenu. Mkitaka nitoke hapa nikiwa hai, njooni na tukutuku ile ile."

Tukutuku yenyewe wakati huo ilikuwa ghalani, kuku wanaatamia juu ya siti.

Tukiwa njiani kurudi, Baba Deo anatabasamu peke yake. Nikamuuliza, "Kuna nini?"

"Mama amekubali."

"Baba Deo, mama amekataa."

"Hukumsikia vizuri. Kasema tukija na tukutuku anatoka."

Dada, ni kama mtu akwambie nitakulipa ng'ombe siku mto Ruhuji utakapogeuka kupanda mlima. Mwenye akili anaelewa, anaaga, anaondoka. Mume wangu yeye akaanza kuuchimbia mto njia. Akapakia tukutuku kwenye lori la mbao, na kuku mmoja aliyegoma kushuka, akaishusha kwangu. Nikasema sawa, mume wangu ni fundi wa mashine za kusaga, hakuna injini inayomshinda, atatia mafuta, ataipiga kiki, tutamleta mama. Nilijidanganya.

Unajua marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa kujitengenezea. Kila kilichokufa kwenye ile pikipiki alikizika akaweka kingine. Madigadi ya bati la kopo la mafuta. Kabureta ya pampu ya maji. Siti ya ngozi ya mbuzi. Ekzosi ilipooza alikata kipande cha bomba la maji la misheni, akalitoboa matundu kwa msumari wa moto, akalifunga kwa waya. Ikawa inatembea. Mimi mwenyewe nilipoolewa niliikuta hivyo, ikipiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi mabichi, na hakuna aliyelalamika.

Lakini Baba Deo akasema, "Mama katamka ile ile. Ile ile ni ile ya siku ya harusi. Siku ya harusi haikuwa na kopo wala bomba la maji. Lazima irudi kama ilivyotoka kiwandani Uingereza." Nikamwambia mama yako haoni, hata ukimpelekea baiskeli yenye kengele hatajua. Akanitazama kama nimetukana sakramenti.

Hapo ndipo utafiti ulipoanza. Picha ya harusi ya wazee tunayo, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, mama amekaa upande upande siti ya nyuma, mwavuli mkononi, hacheki. Baba Deo akanunua kioo cha kukuzia. Akawa anakaa na picha ile mlangoni penye mwanga kama sonara. "Umeona taa ilivyo? Umeona mshikio ulivyopinda?" Mimi naona mama mkwe kijana aliyeogopa. Yeye anaona mshikio.

Rangi ya tenki ikawa kesi. Akaenda misheni kuuliza wazee. Mmoja kasema ilikuwa nyeusi, mwingine kijani, wa tatu akasema anakumbuka vizuri kabisa kwamba ilikuwa farasi. Akarudi, akapindua tenki, akaanza kulikwangua kwa wembe, polepole, tabaka moja baada ya jingine. Likatoka la fedha. Chini yake bluu ya madirisha ya misheni. Chini yake kijani. Mwisho kabisa, kwenye kona iliyojificha, rangi ya maharage mekundu. Akaniita nikiwa nasonga ugali, "Mama Deo! Mama Deo!" Nikadhani kaanguka. Kumbe ameona maharage.

Halafu spana. Boliti za Waingereza hazikubali spana zetu. Namba kumi na mbili haiingii, kumi na tatu inateleza. Akaenda kwa Ustadhi Hamisi, yule mzee wa Kondoa mwenye duka la vipuri karibu na stendi, mtu mwema sana, kila Pasaka anatutumia salamu na sisi Idi tunampelekea maharage. Jioni nikapita kununua chumvi, Ustadhi akaniita kutoka barazani:

"Mama Deo, mwambie mzee mwenzangu, mimi nauza vipuri vya pikipiki zilizo hai. Za marehemu aulize makaburini."

"Mwambie mwenyewe, Ustadhi. Mimi hanisikii."

"Nimemwambia. Kanijibu kwa Kiingereza."

Na ni kweli, dada. Alichapisha Njombe mjini makaratasi ya Kiingereza ya pikipiki hiyo, akawa anayasoma na kamusi ya watoto. Mimi na darasa langu la saba nikawa nasikia mezani habari za magurudumu na springi kabla ya sala ya chakula. Spana zenyewe alizipata kwa fundi mzee wa Njombe aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha zamani cha miwati, ile miti ya magome ya kulainishia ngozi, akarudi nazo amezifunga kitambaa kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Wakati huo huo wateja wa mashine za kusaga wanakuja na mikanda iliyokatika, wanakaa, wanaondoka.

Sasa nikueleze la jumuiya, maana hilo bado linanichoma. Zamu ya jumuiya yetu ndogo ndogo kusali ilikuwa nyumbani kwangu. Nikaifunika tukutuku kwa kitenge changu kizuri, juu yake nikaweka ua, ukiingia unaweza kudhani ni kabati. Tukaanza rozari. Kumbe Baba Deo asubuhi alikuwa ameifunga betri, akaifunga kama tunavyofunga zote, hasi kwenye mwili wa chuma, chanya kwenye waya. Tuko fumbo la tatu, moshi ukaanza kutoka chini ya kitenge. Mimi nauona, nasali kwa nguvu zaidi. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiyependa kuharakisha jambo, akavuta pumzi akasema, "Mama Deo, leo umetuwekea na ubani." Halafu kitenge kikashika moto.

Ua, kitenge, waya zote. Wanajumuiya wakatoka nje na rozari zao, mmoja akarudi kuchukua sufuria ya chai, Mungu ambariki. Baba Deo akaja mbio, akazima, akapekua makaratasi yake, nikamwona anajipiga paji la uso. Kumbe Waingereza wale zamani walikuwa wanafunga chanya ndiyo iende kwenye mwili! Hakuna fundi Makambako nzima angefikiria hivyo. Gia nayo iko mguu wa kulia na breki kushoto, kinyume na pikipiki zote za hapa. Siku ya kwanza ya kuijaribu barabarani alitaka kusimama mbele ya duka la Ustadhi, mguu ukaenda ulikozoea, akabadili gia badala ya breki, akaingia kwenye mabeseni ya plastiki. Ustadhi hakuinuka hata kwenye kiti chake. Akasema tu, "Karibu ndani."

Nilisali, dada. Nilimwambia Mungu, Bwana, naomba uvumilivu, au naomba mwizi.

Jambo moja tu jema nililipata katika vurugu hiyo. Ustadhi alimsaidia kupata ekzosi halisi kutoka kwa watu wa vyuma chakavu Iringa, ndefu, inang'aa unajiona ndani. Lile bomba la baba mkwe likatupwa nyuma ya choo. Nikaliokota. Unajua jiko langu la nje lilivyokuwa likinirudishia moshi usoni kwa upepo huu. Nikalisimamisha bomba juu ya jiko, nikaziba pembeni kwa udongo, moshi ukapanda moja kwa moja kama sadaka ya Abeli. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa nilipika bila kulia.

Basi tukutuku ikaisha. Sisemi uongo, ilipendeza. Tenki rangi ya maharage, taa ya duara, siti mbili kama kwenye picha. Tukaikodia pikapu, tukaipandisha mpaka Matembwe, tukaishusha kanisani. Mimi nikatangulia kwa miguu kukaa na mama, Baba Deo akasubiri kidogo ili aingie kwa heshima, kama siku ile.

Mama alikuwa barazani na rozari yake. "Kamwene, mwanangu," akanisalimu, akanishika mikono, "mbona una baridi?" Nikamwambia mama, leo una mgeni, sikiliza.  Tukutuku ikashuka mlima, ikaingia uani, laini, inanguruma chini chini kama paka aliyeshiba. 

Mama akauliza, "Nani kaja na bodaboda?"

Baba Deo akazima. "Mama, ni mimi. Nimekuletea tukutuku ya baba."

Akainuka, akaja taratibu, akaipapasa. Tenki. Mshikio. Siti. "Siti laini," akasema. "Hii siyo."

"Ndiyo yenyewe, mama. Ndiyo ile ile. Hata namba ya injini ni ile ile, hebu..."

"Macho ya kuona namba nimeyaweka wapi?"

"Mama, iko kama siku ya harusi yako. Kila boliti. Siku ya harusi ilikuwa hivi hivi."

"Siku ya harusi nilikuwa naogopa, sikusikia kitu." Akatafuta kigoda chake kwa mguu, akakaa. "Harusi ilikuwa siku moja, mwanangu. Baba yako nilimngoja siku zote. Tukutuku yake nilikuwa naisikia ikiwa bado kule juu mlimani, ndipo naweka maji ya ugali. Yeye akifika, maji yanachemka. Hii yako imenikuta jiko limelala. Ahsante kwa kuja. Mle viazi, mwende."

Tukala viazi, tukaenda.

Dada, nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mume wangu njiani, nilikuwa nimeyaweka akiba tangu kitenge kiungue. Nikamtazama pembeni yangu kwenye pikapu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani. Sikusema hata moja. Miezi yote ile, kumbe alikuwa anaogopa jambo moja tu, mama yake afe peke yake kwenye moto ule, na alijua kutengeneza mashine, hakujua kutengeneza maneno.

Tulipofika nyumbani akaisukuma tukutuku sebuleni, akaifunika, akakaa ameipa mgongo. Mimi nikaenda jikoni kuwasha moto. Moshi ukapanda zake vizuri kwenye bomba. Nikalitazama lile bomba. Nikageuka nikakatakata mchicha. Nikalitazama tena. Nikasema, Bwana, usinifanyie hivi, kila kitu umechukua, na jiko pia?

Nikazima moto. Nikavunja udongo, nikalitoa kwa kitambaa kibichi, bado la moto, masizi mpaka viwikoni, nikaenda nalo sebuleni nikaliweka miguuni pake.

Akaliangalia. Akasema, "Hilo si la kiwandani."

"Na wewe je? Jino lako la mbele ulitoka nalo kiwandani?"

Akaligusa jino kwa ulimi. Halafu akacheka, dada, kicheko ambacho sijakisikia tangu kabla ya spana. Akalifunga bomba kwa waya, kama baba yake. Ekzosi ya Iringa ikaenda chini ya kitanda. Alipopiga kiki, mbwa wa mtaa mzima walijibu, na Ustadhi akatuma mtu kuuliza kama mashine ya kusaga imelipuka.

Tukarudi Matembwe. Safari hii sikumwambia mama kitu. Nilimkuta anasuka mkeka kwa kupapasa, nikakaa naye tukazungumza habari za shamba. Mlimani ikasikika: tuku-tuku-tuku, inakohoa, inakata, inaendelea. Mama alikuwa katikati ya neno. Akaliacha. Vidole vikasimama kwenye mkeka. Akainuka, akapita mlangoni bila kugusa ukuta, akachukua sufuria, akachota maji mtungini, akayateleka. Nikataka kumsaidia moto, akanisogeza kwa mkono. Akakaa pale jikoni, uso ameuelekeza barabarani.

Baba Deo alipoingia uani, maji yalikuwa yanachemka.

 Tukala ugali na maharage. Baada ya kula mama akasema, "Mwanangu, moto huo umwagie maji, usije ukachoma nyumba ya watu," akaenda chumbani, akatoka na mzigo wake. Ulikuwa umeshafungwa, dada. Sijui tangu lini. Nikampandisha upande upande siti ya nyuma, nikamfunga na mwanawe kwa kanga kiunoni, kama yeye alivyombeba zamani, wakapanda mpaka kanisani ilikokuwa pikapu, mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu nikiwa na sufuria kichwani, maana hiyo alikataa kuiacha.

Sasa yuko kwangu. Tumshukuru Mungu. Lakini usidhani hasira zangu zimekwisha. Jiko limerudia kunitoa machozi, na mama mkwe ndiye wa kwanza kulalamika kwamba mkwe wake ana jiko la moshi. Baba Deo sasa anakwenda kwa wateja wake na tukutuku, na kila inaposikika kutoka stendi, mama anaita, "Mama Deo, weka maji, yuko kwenye kona!" Hata kama alitoka kwenda kununua boliti moja tu. Hata kama tumekula sasa hivi. Mwanzoni nilikuwa nabishana. Siku hizi naweka. Na jana, mama akiwa amesinzia, nilijikuta nimesimama na sufuria mkononi kabla sijajua nimesikia nini.

Msalimie sana shemeji, na umuulize kama kuna bomba la injini ya boti lililokwisha kazi, anitumie kwa dereva wa basi kwa ajili ya jiko langu. Lakini asimwambie Baba Deo ni la boti gani, asije akaanza kulitafiti. Wasalimie wajukuu zangu wote, msalimie mama mdogo anayekusaidia kuanika usipa, na mjomba wetu fundi seremala, mwambie kiti chake bado kizima, kilinusurika moto. Mama mkwe naye anakusalimu, anasema anataka kusikia sauti ya ziwa la huko kwenu kabla hajafa. Nimemwambia tutaenda na basi.

Goti ulipeleke hospitali. Nijibu upesi, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Fotunata (Mama Deo)